Saa ama Medali? Hivi Ndivyo Mbio za 800m na 1500m Huchezwa

Rio 2016, fainali ya mita 1500 wanaume. Matthew Centrowitz wa Marekani anabeba dhahabu kwa 3:50.00. Wiki chache baadaye, uwanja ni ule ule, kwa Paralimpiki wasee wanne wenye shida ya macho wanamaliza 1500 yao haraka kuliko huyo bingwa wa Olimpiki. Unaeza dhani Centrowitz alibahatika tu. Wapi! Yeye siku hiyo hakuwa anakimbiza saa. Alikuwa anakimbiza watu, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Kukimbiza saa

Rekodi ya dunia ni nadra sana kuvunjwa na mtu akiwa solo. Kawaida waandalizi humlipa mweka kasi, yule tunaita sungura, aongoze raundi za kwanza kwa kasi yenye walielewana kisha atoke. Kazi yake ni kukata upepo. Wewe ukiwa nyuma yake unaokoa nguvu, na huna haja ya kupiga hesabu kichwani. Siku hizi pia kuna taa zinakimbia kando ya njia ya ndani, zinakuonyesha kama uko mbele ama nyuma ya rekodi.

Faith Kipyegon alitumia hiyo mbinu kule Florence, Juni 2023, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza 1500 chini ya 3:50. Alipiga 3:49.11. Miaka miwili baadaye akashusha tena, 3:48.68 kule Eugene.

Kukimbiza watu

Kwa Olimpiki hakuna sungura wa kulipwa. Yeyote mwenye ataenda mbele anawakatia wengine upepo bure, na wao wanangoja tu wamalize naye mwishoni. Ndio maana unaona mbogi nzima inakimbia pole pole, kila mtu akimwangalia mwenzake. Pale Rio raundi ya kwanza ilichukua zaidi ya sekunde 66. Centrowitz alikaa mbele na kuwabana wengine, kisha akafunga raundi ya mwisho kwa sekunde 50 na kidogo. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara tatu, aliramba lolo, akamaliza wa sita. Mbio ya pole si mbio rahisi. Inataka akili, nafasi nzuri, na miguu yenye bado iko na spidi ukishachoka.

Sungura aliyemla simba

Kama unataka kuona hii tofauti vizuri, soma story ya Noah Ngeny. Julai 1998 kule Rome, Hicham El Guerrouj wa Moroko aliweka rekodi ya 1500 ya 3:26.00, na huyu Mkenya alikuwa mmoja wa sungura wake. Mwaka uliofuata, Rome tena, El Guerrouj alivunja rekodi ya maili kwa 3:43.13. Safari hii Ngeny hakutoka. Alimganda hadi mwisho, akamaliza kwa 3:43.40.

Kisha ikafika Sydney 2000. Kila mtu alijua dhahabu ni ya El Guerrouj. Kwa mita za mwisho Ngeny akatoka nyuma yake akampita, 3:32.07 kwa 3:32.32. Huo muda ulikuwa nyuma ya ile rekodi kwa sekunde sita, lakini hakuna mtu aliuliza. El Guerrouj, mwenye alikuwa ameanguka kwa fainali ya Atlanta 1996, alingoja hadi Athens 2004 ndio apate dhahabu yake, na bado Bernard Lagat alimsukuma hadi kwa mstari.

Na ukiamua kuongoza mwenyewe?

David Rudisha alifanya hivyo London, Agosti 9, 2012. Aliongoza kutoka mwanzo, akapita mita 400 kwa 49.28, akamaliza kwa 1:40.91. Dhahabu na rekodi ya dunia siku moja, bila sungura. Hata wa mwisho alipiga 1:43.77, muda ambao ungeshinda dhahabu ya Beijing 2008, yenye Wilfred Bungei aliibeba kwa 1:44.65.

Lakini usidhani hiyo ni formula. Paris 2024, Jakob Ingebrigtsen wa Norway alijaribu kitu kama hicho kwa 1500. Aliongoza moto moto, na akageuka sungura wa wengine. Cole Hocker akashinda kwa 3:27.65, Ingebrigtsen akaachwa kwa mataa, namba nne, bila medali. Rudisha alikuwa na mwanya wa kutosha juu ya wapinzani. Ingebrigtsen hakuwa nao.

Kwa chali ama dem anaanza mbio

Huwezi chagua moja uache ingine. Kuingia Paris 2024, muda wa kufuzu wa 800 wanaume ulikuwa 1:44.70, na wa 1500 ulikuwa 3:33.50. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo wengi huenda kutafuta huo muda ng'ambo. Lakini ukirudi kwa majaribio ya kitaifa, hakuna mtu wa kukuvuta, na nchi inapeleka watu watatu pekee kwa mbio moja. Hapo saa haikusaidii ukimaliza wa nne. Kwa hivyo fanya mazoezi ya kasi ya kudumu, lakini pia jifunze kumaliza ukiwa umebanwa kwa kundi.

Na wewe wa kutazama kwa base, angalia raundi ya kwanza. Kwa 800 ya wanaume, ikipita kwa 49 ama 50, kuna mtu anataka kuwaua wengine mapema. Ikipita kwa 53 na zaidi, usitoe macho kwa mita 200 za mwisho. Emmanuel Wanyonyi alishinda Paris kwa 1:41.19, Marco Arop wa Kanada akapata 1:41.20. Ilikuwa moja ya mbio za kasi zaidi kwa historia, lakini dhahabu iliamuliwa na sehemu moja ya mia ya sekunde.