Kwa nini risasi ya bunduki ya upepo hupotea njia masafa yanapozidi

BUNDUKI ya upepo aghalabu huchukuliwa kuwa chombo cha wavulana cha kulengea makopo uani. Hata katika Michezo ya Olimpiki, ambako iliingizwa mara ya kwanza jijini Los Angeles mwaka 1984, hutumika kwa umbali wa mita 10 pekee, tena ndani ya ukumbi usiopitisha upepo. Hata hivyo, nchini Uingereza kuna mchezo ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambao huwatoa walenga shabaha ukumbini na kuwapeleka vichakani, ambako bunduki hiyo hiyo hutakiwa kupiga shabaha zilizo umbali wa kuanzia mita saba hivi hadi mita 50.

Shabaha yenyewe ni bamba la chuma lililokatwa kwa umbo la panya, kunguru au sungura, likiwa na tundu la duara. Nyuma ya tundu kuna kibao kidogo. Risasi ikipenya tunduni na kukigonga kibao hicho, bamba lote huanguka chali. Ikigonga ukingo wa tundu, bamba husalia wima na mlengaji hapati kitu. Tundu la kawaida lina upana wa milimita 40, ingawa kwa shabaha za karibu linaweza kupunguzwa hadi milimita 15. Kila shabaha ina risasi moja tu. Mlengaji huketi chini juu ya kimto, bila kuegemeza bunduki yake penginepo isipokuwa mwilini mwake, na hakuna anayemwambia umbali ni mita ngapi.

Ugumu wa kazi hii unatokana na udhaifu wa chombo chenyewe. Sheria ya Uingereza na Wales humruhusu mtu mzima kumiliki bunduki ya upepo bila cheti maalumu mradi nguvu zake zisizidi jouli 16.3 hivi. Huko Scotland, tangu Desemba 31, 2016, hata bunduki hiyo dhaifu huhitaji leseni. Kwa nguvu hizo, risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa takriban nusu gramu hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 240 hivi kwa sekunde. Ifikapo mita 50, kasi hiyo huwa imeshuka hadi chini ya mita 190, na nguvu zimebaki jouli kumi au pungufu.

Risasi inayokwenda polepole hupata muda mwingi wa kuanguka. Katika safari ya mita 50, ambayo huchukua karibu robo ya sekunde, risasi huporomoka karibu sentimita 27 chini ya mstari wa mtutu. Kwa sababu hiyo mtutu hulazimika kuelekezwa juu kidogo, na risasi huupita mstari wa macho mara mbili: mara ya kwanza ikipanda karibu na mlengaji, mara ya pili ikishuka mbali. Kati ya sehemu hizo mbili risasi huenda karibu sambamba na mstari wa macho, na hata anayekadiria umbali vibaya anaweza kusamehewa. Baada ya hapo hakuna msamaha. Mtu aliyeirekebisha darubini yake kwa mita 30, kisha akadhani shabaha iko mita 47 ilhali iko mita 50, risasi yake itapita sentimita mbili au zaidi chini ya alipokusudia, yaani nje ya tundu.

Ndiyo maana darubini za mchezo huu huwa na gurudumu kubwa ubavuni. Mlengaji hulizungusha hadi sura ya shabaha ionekane bayana, kisha husoma umbali ulioandikwa kwenye ukingo wa gurudumu. Alama hizo huziandika mwenyewe, baada ya kuweka shabaha kwenye umbali aliopima kwa futi kamba. Wazoefu hurudia kazi hii msimu wa baridi na msimu wa joto, kwa kuwa darubini nyingi hubadilika kidogo halijoto inapobadilika. Wengine hubandika kwenye bunduki jedwali dogo la mibonyezo: mita 40 mibonyezo kadhaa, mita 45 mibonyezo kadhaa, na kuendelea.

Umbali unaweza kupimwa. Adui mkubwa zaidi wa bunduki ya upepo ni upepo wenyewe. Upepo wa kilomita tano kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, upepo ambao mtu huuhisi usoni tu, huisukuma risasi karibu sentimita nne katika mita 50. Kwa kuwa kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni ni sentimita mbili, aliyelenga katikati amekwisha kukosa. Wengi hudhani kwamba kinachosukumwa zaidi ni risasi iliyo nyepesi, au ile inayokaa hewani muda mrefu. Ukweli ni kwamba kadiri hewa inavyoipokonya risasi kasi, ndivyo upepo unavyopata nafasi ya kuihamisha. Risasi yenye umbo linalopenya hewa vizuri itapotoka kidogo hata kama ilianza safari bila kasi ya ajabu. Ndiyo sababu mlengaji hodari hutazama majani, nyasi na uzi mwepesi aliofunga mwishoni mwa mtutu kabla ya kufyatua. Naye hulenga pembeni mwa tundu kwa makusudi, jambo ambalo wanaoanza huliona kama wazimu.

Kuhusu risasi zenyewe, ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini laini yenye jina hilo hilo la risasi, kuna mengi ya kusema. Umbo lake ni kama la kinu kidogo: kichwa cha mviringo, kiuno chembamba na sehemu ya nyuma iliyo wazi kama sketi. Kiuno na sketi hiyo huisaidia hewa kuishikilia risasi isiyumbe, huku mifuo iliyo ndani ya mtutu ikiizungusha. Sketi iliyobonyea, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa urahisi, huiharibu safari nzima. Kila mtutu una chaguo lake. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kupendelea risasi tofauti, na vichwa vya risasi huuzwa kwa tofauti ndogo sana, kuanzia milimita 4.50 hadi 4.53. Njia pekee ya kujua ni kununua makopo kadhaa na kuyajaribu siku tulivu. Wapo wanaozipima risasi moja moja kwa mizani, na hawafanyi upuuzi: kasi ikitofautiana kwa mita tatu tu kwa sekunde, urefu wa pigo hubadilika kwa zaidi ya nusu sentimita kwenye mita 50.

Matangazo ya biashara hayasaidii. Kasha likijigamba kwamba bunduki hupiga kwa kasi inayozidi ile ya sauti, mnunuzi wa kawaida hushawishika. Umbo la kinu halikukusudiwa kasi hiyo. Risasi inayokaribia mita 340 kwa sekunde hutikiswa na hewa na kutawanyika ovyo. Mara nyingi tarakimu hizo hupatikana kwa kutumia risasi nyepesi mno za aloi ambazo hakuna mlengaji makini angezitumia shabahani. Mwenye bunduki ya nguvu nyingi hunufaika kwa kuchagua risasi nzito, ili kasi ishuke chini ya mita 290 hivi.

Namna ya kuishika bunduki hutegemea mtambo wake. Bunduki ya springi ina pistoni inayorushwa mbele ndani ya silinda ili kuikandamiza hewa. Kabla risasi haijatoka mtutuni, bunduki huwa imekwisha kuruka nyuma na kurudi mbele. Anayeikaba kwa nguvu huubadilisha mruko huo kila mara, na risasi hutawanyika. Dawa ni kuilaza juu ya kiganja kilichofunguliwa, mahali pale pale kila mara, na kuiacha icheze itakavyo. Mruko huo wa pande mbili huweza pia kuvunja darubini ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Bunduki yenye chupa ya hewa iliyoshindiliwa haina mtikisiko huo. Si uvumbuzi mpya: jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya aina hiyo mwishoni mwa karne ya 18, hewa ikihifadhiwa kwenye kitako. Tatizo lake ni kwamba shinikizo hupungua kila inapofyatuliwa, na kasi hupanda au kushuka. Kidhibiti shinikizo kilichowekwa kati ya chupa na vali huondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo.

Kosa moja hulaumiwa upepo bila haki. Bunduki ikiinamishwa ubavu kwa digrii tano tu, risasi huenda kando kwa zaidi ya sentimita mbili kwenye mita 50, ilhali kwenye mita 10 tofauti haionekani. Pimamaji dogo, mfano wa lile la waashi, likifungwa kwenye darubini humaliza ubishi huo. Bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya darubini.

Wakulima wa Uingereza hutumia bunduki hizi dhidi ya panya na sungura, na hapo hesabu hubadilika. Bamba la chuma likikoswa halihisi kitu. Sungura aliyepigwa tumboni hukimbilia shimoni na kufa taratibu. Kwa sababu hiyo wawindaji wengi wanaoweza kupenya tundu la milimita 40 kutoka mita 50 hawamfyatulii mnyama aliye mbali kuliko mita 30 au 35, na siku ya upepo husogea karibu zaidi au huirudisha bunduki mfukoni mwake.