Kapteni, Nahodha, Mnadhimu

Habari ya Vasili Arkhipov, afisa wa nyambizi za Kisovieti, nikiikuta kwa Kiswahili huwa imefupishwa hivi: Kapteni Arkhipov aliizuia nyambizi yake isifyatue topido ya nyuklia. Sentensi inasomeka vizuri, lakini karibu kila neno lililobeba habari ndani yake linampoteza msomaji.

Tuanze na kapteni. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kapteni ni afisa wa nyota tatu begani, aliye chini ya meja. Oktoba 1962 Arkhipov alikuwa kapteni wa daraja la pili, cheo cha wanamaji wa Kisovieti kinacholingana na luteni kanali wa nchi kavu. Ukimwita kapteni ukanyamaza, umemshusha ngazi mbili.

Isitoshe, kwa Warusi kapitan wa manowari ni cheo tu. Mwenye kuiamuru manowari huitwa komandir. Kiingereza ndicho kilichovitia vyote viwili katika neno moja, cheo na mamlaka ya chombo, nasi tukaupokea mkanganyiko huo wakati pwani yetu ina nahodha tangu enzi za majahazi. Neno hili limetoka Uajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Halina daraja wala nyota. Linakwambia nani atakayeulizwa chombo kikipotea, na hilo ndilo tunalohitaji kulijua hapa.

Nahodha wa nyambizi inayosimuliwa, B-59, alikuwa Valentin Savitsky, naye kapteni wa daraja la pili. Kwa hiyo siku ile ndani ya nyambizi walikuwamo maafisa wawili wa cheo kimoja, na "nyambizi yake" ilikuwa ya Savitsky. Arkhipov alikuwa mnadhimu mkuu wa kikosi kizima, nyambizi 4 (B-4, B-36, B-59 na B-130) zilizoondoka rasi ya Kola mwanzoni mwa Oktoba kuelekea Kuba, kila moja na topido 1 ya nyuklia.

Mnadhimu ni neno ninalolipenda kuliko yote ya jeshi letu. JWTZ ina Mnadhimu Mkuu, na wengi wanalitamka bila kusikia lilivyo na ukoo mkubwa. Mzizi wake wa Kiarabu ni kupanga vitu kwa taratibu, kama shanga zinavyotungwa uzini. Ndio uliotupa nidhamu. Ndio pia uliotupa nudhumu, tungo za washairi. Mnadhimu basi ni mtu wa kuweka mambo mahali pake, na sidhani kuna neno linalomkaa Arkhipov vizuri zaidi.

Tarehe 27 Oktoba, wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba, manowari za Marekani ziliigundua B-59 chini ya maji. Wasimulizi wetu huandika kwamba nyambizi ilikuwa "imezama". Hapana. Chombo kikizama kimekwenda: nyambizi ya Urusi, Kursk, ilizama tarehe 12 Agosti 2000 na watu 118. B-59 ilikuwa imepiga mbizi, na ukilitega sikio neno nyambizi, mbizi unaisikia humo humo. Kuzamia nako kuna wenyewe: wazamia lulu, na vijana wanaojificha melini ili wafike ng'ambo. Tusiyachanganye haya, maana anayesoma kwamba nyambizi imezama ana haki ya kuanza kuhesabu maiti.

Walio ndani walikuwa hai, lakini kwa tabu. Nyambizi ile ilitumia dizeli na betri. Ili ichaji betri ilibidi iibuke ipate hewa, na kuibuka kulikuwa ni kujianika machoni pa adui. Joto lilipita nyuzi 45, hewa imechafuka. Juu yao Wamarekani waliangusha mabomu madogo ya mazoezi kama ishara ya kuwataka waibuke. Ndani ilisikika kama vita.

Vadim Orlov, afisa wa upelelezi wa mawasiliano aliyekuwamo, amesimulia kwamba Savitsky aliamini vita imeanza na akaagiza topido ile iandaliwe. Kisha akazungumza na Arkhipov na afisa wa siasa, Ivan Maslennikov, hasira ikamtoka, nyambizi ikaibuka. Kwa masimulizi haya "aliizuia" si kitenzi chake. Mnadhimu hakumpokonya nahodha chombo. Kiswahili kinajua kilichotokea pale: walifanya shauri, na shauri la Arkhipov likakubalika.

Kwa nini lilikuwa na uzito? Mwaka mmoja kabla, Julai 1961, alikuwa msaidizi wa nahodha Nikolai Zateyev katika K-19, nyambizi ya nyuklia iliyovuja maji ya kupozea tanuri lake. Mabaharia waliingia kwenye mionzi kulitengeneza, na 8 wakafa ndani ya majuma machache. Mtu aliyetoka huko hakuhitaji cheo cha juu kuliko cha mwenzake ili asikilizwe.

Vyeo vilikuja baadaye. Aliongoza nyambizi na vikosi vya nyambizi, akawa mkuu wa chuo cha wanamaji huko Baku, akapata uadmirali mwaka 1975 na kupandishwa tena 1981. Hapa ndipo mfasiri hujikwaa tena na kuandika "makamu wa admirali", kana kwamba alikuwa msaidizi wa admirali mwingine. Kile cha 1981 ni cheo kamili, sawa na luteni jenerali. Kile cha 1975 ni sawa na meja jenerali, cheo ambacho Kenya humpa mkuu wa wanamaji wake bila kumwita admirali kabisa. Na admirali lenyewe ni amiri wa Waarabu aliyezunguka Ulaya akarudi na mavazi mageni, ndugu wa amri na amuru. Mimi ningeandika Admirali Arkhipov, kisha mara ya kwanza tu niongeze: cheo sawa na luteni jenerali. Na nikifika Oktoba 1962, kabla hajawa admirali, ningemwita mnadhimu.