Katazo la wanafunzi wajawazito (Tanzania Bara)
Katazo la wanafunzi wajawazito lilikuwa msimamo wa serikali uliowazuia wasichana waliopata mimba kuendelea na masomo katika shule za umma, mkoani Songwe kama kwingineko Tanzania Bara. Lilitegemea kanuni za elimu za 2002, zilizoruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili. Mjadala uliwaka baada ya Rais John Magufuli kulisisitiza hadharani huko Chalinze, tarehe 22 Juni 2017. Waliolitetea walitaja nidhamu, mila na hofu ya wengine kuiga. Hoja nzito, lakini katazo lilimwadhibu binti hata alipobakwa. Sheria ya elimu iliyorekebishwa 2016 nayo ilimwekea aliyempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Waziri Joyce Ndalichako aliliondoa katazo tarehe 24 Novemba 2021.