Vita Vilivyobaki Mwilini

Historia ya Vita vya Kagera tuliifundisha kwa tarehe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu hadi Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa tutampiga. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wanafunzi walikariri, wakafaulu. Lakini iko historia nyingine ya vita hivyo hivyo, nayo haikuandikwa vitabuni bali katika miili ya watu.

Wengi waliokwenda hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa mgambo, vijana wa vijijini waliofunzwa kwa haraka. Brigedi ya 201 iliyopigana Lukaya, Machi 1979, ilijaa watu wa namna hiyo. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipowavurumishia makombora, wengi walitawanyika, ingawa makombora mengi yaliwapita juu. Siku iliyofuata Lukaya ikarudi mikononi mwetu, na vitabu vikafunga ukurasa.

Hapa Maore alirudi mmoja wao. Usiku, watu walipopiga madebe kuwafukuza tembo wa Mkomazi wasiingie kwenye mahindi, yeye alijitupa chini kifudifudi, akitetemeka. Ngurumo ikishuka kutoka milimani, vivyo hivyo. Wako waliosema ana mapepo, na wako waliosema ni woga tu. Jina la maradhi yake lilikuwa bado halijatolewa: chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyaingiza katika orodha yake mwaka 1980, vita vikiwa vimekwisha, hasa kwa sababu ya askari waliotoka Vietnam.

Leo tunajua zaidi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu akishtuka, tezi hizo humwaga adrenalini. Moyo hudunda, misuli hukaza. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine, kortisoli. Habari hiyo ya hatari hufika katika kiini cha ubongo kiitwacho amigdala, ambacho huamuru kumbukumbu ipigwe chapa kwa nguvu. Mwaka 1994 Larry Cahill na James McGaugh wa California walilionyesha jambo hili. Waliwasimulia watu kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Waliokuwa wamepewa dawa ya kuzuia kazi ya adrenalini hawakuikumbuka sehemu ya kutisha kuliko sehemu za kawaida. Wengine waliikumbuka zaidi.

Ni mpango wenye hekima, kwani aliyenusurika na chui hana budi kukumbuka kichaka. Tatizo ni homoni zikizidi. Hapo sehemu nyingine ya ubongo, hipokampasi, inayopanga wapi na lini, hulemewa. Picha hubaki kali kama ya jana, ila haina tarehe. Ndiyo maana humrudia mtu kana kwamba jambo linatokea sasa hivi.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumpima shahidi kwa mpangilio wa maneno yake. Kipimo hicho ni chema kwa mambo mengi, lakini hakimfai mtu wa namna hii. Siku moja wanafunzi walimwuliza, “Mzee, ilikuwa mwezi gani?” Akawajibu, “Wanangu, mwezi siujui. Harufu ya mpira unaoungua naijua.” Wakacheka, wakafunga madaftari. Ofisi moja aliyokwenda kudai haki zake nayo ilimrudisha, kwa kuwa alichanganya tarehe.

Huyo hakuwa mwongo. Harufu ile ndiyo ushahidi wenyewe. Tarehe za Lukaya tunazo tayari. Tusichokuwa nacho ni kile alichokiona yeye, na watu hao wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaotuma watoto kwa wazee: wasimhoji mzee wa vita kama karani wa mahakama. Wamwache aanzie anapopaweza, na akinyamaza wanyamaze naye. Wasimlazimishe, kwani kukumbuka nako huuamsha mwili upya, moyo ukadunda kama siku ile. Apatikanaye wa kumtibu, apelekwe. Kupanga mwaka na mwezi ni kazi yetu sisi wenye vitabu. Yeye ametimiza yake, na bado anaitimiza kila ngurumo inapolia.