Mitandao ya Kijamii na Afya ya Kinywa ya Vijana Balehe

Kuwahimiza vijana wa miaka 10 hadi 19 watunze meno na fizi kwa njia ya mitandao ya kijamii ni tawi changa la elimu ya afya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, ambayo mengi huzuilika kwa mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza sukari. Wengi wa vijana wameshafundishwa haya. Wanachokosa ni mtu wa kuwafuatilia. Ndiyo maana kundi dogo ambamo kijana anajulikana na kuulizwa lina manufaa kuliko video inayotazamwa na maelfu.

Nchini Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu vijana 80 waliofungwa nyaya za kunyoosha meno. Nusu yao waliunganishwa katika kundi la WhatsApp na kutumiana picha za meno yao. Baada ya mwaka mmoja walikuwa na ukoga mdogo na meno machache yaliyooza kuliko wenzao. Itasemwa kwamba mwenye nyaya tayari anajali meno yake, na hoja hiyo ina uzito. Lakini nchini Iran, jaribio la Telegram lililoripotiwa mwaka 2020 lilishirikisha wanafunzi 791 wa kawaida. Waliofikiwa walizidi kupiga mswaki, na waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao mama zao pia waliunganishwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mitandao hiyohiyo inauza upotoshaji, hasa mkaa wa kung'arisha meno. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2017 hayakupata ushahidi wa kutosha kuwa mkaa huo ni salama wala kwamba unafaa. Katika Bonde la Ufa, Arusha ikiwemo, maji ya sehemu nyingi yana floraidi iliyozidi, na vijana huwa na madoa ya kahawia wanayoyaonea haya. Madoa hayo yaliingia jino likiwa bado linaumbwa; kusugua mkaa hakuyatoi, na kunaweza kulikwaruza jino. Kijana anayeficha tabasamu lake anastahili kujibiwa swali lake na mtaalamu wa meno, na hilo huwezekana ndani ya kundi.

Shule nyingi za Kenya na Tanzania haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Hapo ni afadhali kuanzia kwa wazazi, ambao ndio wenye simu, na ambao ndio pia wanaonunua dawa ya meno na soda.