Tarehe 7 Julai: Lugha na siasa zilikutana zamani

Watangazaji wetu wa redio wana kijisehemu cha asubuhi wanachokiita "siku kama ya leo". Unakunywa chai, unatafuta soksi, na huku unasomewa nani alizaliwa, nani alifariki na vita gani vilianza. Kwa kawaida maneno hayo hunipita tu. Lakini mwanzoni mwa Julai mwaka wa 2025, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hii Saba Saba ni siku ya Kiswahili ama ni siku ya maandamano?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu la haraka. Tulikuwa tumepanga mashindano ya ngonjera na mijadala pamoja na shule kadhaa za jirani, Jumatatu tarehe 7 Julai, kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Bango lilikuwa limeshachapishwa. Kufikia Ijumaa ilikuwa wazi kwamba hakuna mwalimu mkuu atakayekubali kutoa basi lake. Jumatatu yenyewe ilipowadia, polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, maduka hayakufunguliwa, na waliokuwa na dharura walitembea kwa miguu. Baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 30 nchini. Bango letu likakunjwa na kuwekwa stoo.

Katika chumba cha walimu kulikuwa na manung'uniko. Mwenzangu mmoja alisema siasa zimetunyang'anya siku yetu, na kwamba ni bahati mbaya tu UNESCO ilichagua tarehe yenye balaa. Nilimheshimu kwa uchungu wake, ila sikukubaliana naye. Hebu tuifuate tarehe hii nyuma, msomaji, tuone ilikotoka.

Tuanzie Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954, chama cha Tanganyika African Association, TAA, kilichokuwa na umri wa miaka 25 hivi, kiligeuzwa kuwa TANU, na Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha shule ya Pugu, akachaguliwa kuwa rais wake. TAA ilikuwa zaidi chama cha watumishi wa serikali na watu wa mjini. TANU ilitaka kuwa chama cha kila mtu, na hapo ndipo suala la lugha lilipojitokeza. Tanganyika ilikuwa na makabila zaidi ya 120. Lau wanachama wangehutubiwa kwa Kiingereza, chama kingebaki mikononi mwa wasomi wachache. Na lau kila jimbo lingetumia lugha yake, pangekuwa na vyama vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa. TANU ikashika Kiswahili.

Haikuwa ajabu kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kinawangoja. Misafara ya biashara ilikuwa imekifikisha hadi Tabora na Ujiji katika karne ya kumi na tisa. Wajerumani walikitumia katika ofisi na shule zao, Waingereza wakaendelea nacho, na kuanzia mwaka wa 1923 serikali ya kikoloni ilikuwa ikichapisha gazeti la Mambo Leo kwa Kiswahili. Kwa hivyo mkoloni alijenga njia kwa ajili ya maagizo na kodi, na TANU ikapita papo hapo ikiwa imebeba habari za uhuru. Nyerere aliweza kusimama Mwanza, Tanga au Lindi na kueleweka. Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1962, alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare ikachapishwa.

Tanzania huru iliifanya tarehe hiyo kuwa sikukuu, na watu wakaiita Sabasaba, yaani siku ya saba ya mwezi wa saba. Kwa muda mrefu ilihesabiwa pia kuwa sikukuu ya wakulima, mpaka wakulima walipohamishiwa Nanenane, tarehe 8 Agosti, na Sabasaba ikabaki na biashara. Ukimtajia mkazi wa Dar es Salaam neno hilo leo, atafikiria kwanza viwanja vya maonesho vilivyo Barabara ya Kilwa, msongamano wa magari, na watoto wanaotaka kununuliwa kila kitu. (Ndiyo, wao huandika "maonesho" na sisi "maonyesho". Nimeshachoka kusuluhisha ugomvi huo.)

UNESCO ilipopitisha azimio lake tarehe 23 Novemba 2021 kwamba 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, ilikuwa mara ya kwanza kwa lugha ya Kiafrika kupewa siku ya namna hiyo na shirika hilo. Tarehe haikuokotwa. Ilikumbuka TANU na kazi ambayo Kiswahili kilifanya katika kudai uhuru. Kuna na jambo jingine ambalo husahaulika: mkataba uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ndiyo maana Jumuiya huichangamkia sana siku hii, na sherehe zake zimezunguka Zanzibar, Kampala, Mombasa na Kigali.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, walijitokeza hadharani kudai vyama vingi. Wakati huo KANU ndicho chama pekee kilichoruhusiwa, kwa mujibu wa kifungu cha 2A cha katiba kilichopitishwa mwaka wa 1982. Wakatangaza mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai. Serikali ikaukataa. Tarehe 4 Julai wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Watu wakaenda Kamukunji hata hivyo, wakakuta polisi, vitoa machozi na risasi. Ghasia zikaenea mitaa ya Nairobi na miji mingine, zikachukua siku kadhaa, na watu wakauawa.

Kinachonivutia kama mwalimu wa lugha ni jinsi habari zile zilivyosafiri. Hapakuwa na simu za mkononi, na redio ilikuwa moja, ya serikali. Lakini tarehe ilikuwa na jina fupi lisilohitaji kuandikwa: Saba Saba. Mtu angeweza kulitamka kwenye foleni ya basi na asiseme lolote zaidi. Makanga wa matatu waliinua vidole viwili, kinyume cha kidole kimoja cha KANU, na kila abiria alielewa. Vyama vilivyokuja kuundwa vilijipa majina ya Kiingereza, FORD, DP na kadhalika, bali madai yenyewe barabarani yalikuwa ya Kiswahili: vyama vingi, mageuzi, haki.

Na uwanja wenyewe ukatuachia neno. Nenda chuo kikuu chochote nchini, utasikia wanafunzi wakisema "leo kuna kamukunji", wakiwa na maana ya mkutano wa dharura wa kujadili karo, chakula au uchaguzi wa viongozi wao. Jina la mahali limegeuka nomino ya kawaida, na hakuna baraza la istilahi lililokaa kulibuni.

Hebu niseme kidogo kuhusu jina "Saba Saba", kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Kisarufi ni jina lenye utata. Tunaporudia idadi katika Kiswahili, kwa kawaida tunagawa: "wapange wawili wawili", "walipewa vitabu saba saba", yaani kila mmoja saba. Katika jina la tarehe, saba ya kwanza ni siku na ya pili ni mwezi. Watanzania huliandika kwa neno moja na magazeti yetu huliandika kwa mawili. Mimi nimefuata kila nchi na desturi yake. Tena "saba" lenyewe ni la mkopo, limetoka Kiarabu pamoja na sita na tisa. Neno la kale la Kibantu halijafa kabisa. Limejificha katika "fungate", zile siku saba za maarusi baada ya harusi, kama vile "kenda", tisa ya zamani, ilivyojificha katika jina la Wamijikenda. Maarusi wa siku hizi huenda fungate ya siku tatu Diani na wasijue wamejipunja siku nne.

Waganda nao wana saba saba yao. Katika vita vya 1978 na 1979, majeshi ya Tanzania yalipovuka mpaka kumng'oa Idi Amin, yalikuwa na mizinga ya roketi ambayo raia waliiita saba saba. Wazee wa Masaka na Mbarara wanalikumbuka jina hilo kwa mngurumo, si kwa maonesho.

Wala si Afrika Mashariki tu inayoita siku hii kwa tarakimu zake. Wachina huyaita mapigano ya tarehe 7 Julai 1937 kwenye daraja la Lugou karibu na Beijing, yaliyofungua vita vikubwa kati yao na Japani, kwa jina lenye maana ya "tukio la saba saba". Na Waingereza, baada ya mabomu kuua watu 52 katika treni tatu na basi moja mjini London tarehe 7 Julai 2005, husema tu "seven-seven".

Waliozaliwa siku hii? Mtangazaji wa redio hatakosa kumtaja Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, aliyezaliwa Liverpool mwaka wa 1940, na kama ni mtu wa muziki mzito atamtaja Gustav Mahler wa 1860. Mashabiki wa kriketi watakuambia kuhusu Mahendra Singh Dhoni wa India, aliyezaliwa 7 Julai 1981 na akavaa jezi nambari 7. Mimi ningependa zaidi wamtaje aliyefariki: Arthur Conan Doyle, 7 Julai 1930. Mpelelezi wake, Sherlock Holmes, ana jamaa katika fasihi yetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomuumba Bwana Msa, mtu wa kiko na wa kufikiri sana, na kumpa rafiki wa kushangaa naye, Najum, wahakiki waliitambua sura hiyo mara moja. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka wa 1960. Lakini nimekwisha potoka.

Jibu langu kwa yule mwanafunzi linapatikana katika kile kilichofuata Kamukunji. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Wale wale waliodai vyama, pamoja na kizazi kilichofuata, hawakuishia hapo. Walidai katiba mpya, wakaishindania kwa karibu miaka ishirini, ikashindwa katika kura ya maoni ya 2005, ikapita 2010. Sasa ifungue katiba hiyo, Ibara ya 7. (Sikuipanga nambari hiyo mimi.) Inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa miaka mingi kabla yake Kiswahili kilikuwa kikisifiwa kama lugha ya taifa huku sheria na nyaraka za serikali zikiwa za Kiingereza. Ni kweli kwamba utekelezaji unasuasua, na wakili akikuandikia barua leo bado utahitaji mtu wa kukufasiria. Lakini hadhi ipo, imeandikwa, na ilipatikana kwa katiba ambayo safari yake ilipitia uwanja ule, Jumamosi ile.

Ndiposa siwezi kumuunga mkono mwenzangu aliyetaka Kiswahili kiadhimishwe bila siasa, kwa mavazi ya khanga na pilau peke yake. Tarehe 7 Julai tulipewa kwa sababu mwaka wa 1954 lugha hii iliingia katika siasa. Ukiitoa humo, unabaki na sherehe isiyojua kwa nini iko Julai na si Machi. Na anayeandamana naye, akijua historia hii, atajua kwamba anapopaza sauti kwa Kiswahili anaendeleza kazi ya zamani. Kufiwa ni jambo jingine. Kwa hilo sina neno la isimu wala la historia, na sikujaribu kumpa mwanafunzi wangu neno lolote.

Nilichofanya ni kuwapa insha. Niliandika ubaoni "Saba Saba", basi, bila maelezo. Wengine waliandika juu ya UNESCO, kwa sababu ndiyo waliyotarajia niisahihishe vizuri. Wengine waliandika juu ya moshi na matairi. Msichana mmoja aliandika kwamba mamake alizaliwa Nairobi Jumamosi ile ya 1990, kwamba nyanya yake alifika hospitalini kwa miguu kwa kuwa hapakuwa na gari, na kwamba siku mama alipotimiza miaka 35 naye alirudi kutoka kazini kwa miguu. Keki ililiwa Jumatano.

Mashindano yetu tuliyafanya baadaye mwezi huo huo, katika bwalo la shule. Bango tulilitoa stoo tukalitundika vilevile, na tarehe yake ya zamani.