Uzamili wa Saikolojia ya Unasihi: Tabora na Njia Kongwe ya Misafara

Uzamili wa saikolojia ya unasihi ni mafunzo ya baada ya shahada ya kwanza yanayomwandaa mtu kumsikiliza kitaalamu aliyelemewa na maisha na kumsaidia aamue mwenyewe la kufanya. Aliyelemewa huyo anaweza kuwa mjane asiyepata usingizi, mwanafunzi aliyeacha kula kabla ya mtihani, mke na mume waliofikishana kwenye baraza la kata, au mkimbizi anayeshtuka kila mlango unapogongwa. Mnasihi haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Wala hatoi hukumu, na hapo ndipo anapotofautiana na mzee wa ukoo, shehe na padri, ambao walibeba mzigo huu kabla yake na wengi wanaubeba hadi leo. Makala hii inayatazama mafunzo hayo kutoka Tabora, katikati ya njia iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji.

Chimbuko

Fani yenyewe ilianza na suala la ajira. Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwaongoza vijana katika kuchagua kazi mjini Boston, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Carl Rogers, katika maandishi yake ya 1942 na 1951, aligeuza shabaha: akaondoa mkazo kwenye ushauri unaotolewa, akauweka kwenye uhusiano kati ya anayesikiliza na anayesikilizwa. Mwaka 1951, katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Northwestern, wataalamu wa Marekani waliipa fani jina na viwango vya mafunzo.

Tanzania iliipokea kwa milango miwili. Wa kwanza ulikuwa shuleni, kupitia walimu walioteuliwa kuwaelekeza wanafunzi juu ya masomo na kazi. Wa pili ulikuwa UKIMWI, na huo ndio uliolifikisha neno ushauri nasaha hadi vijijini. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, shirika la kuwasaidia walioguswa na UKIMWI, na nchi jirani ya Uganda tayari ilikuwa na shirika la namna hiyo, TASO, iliyoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987. Baadaye vikaja vituo vya upimaji wa hiari vya ANGAZA, kisha kampeni ya mwaka 2007 ambapo Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, na mkewe walipima virusi vya UKIMWI hadharani.

Kampeni hizo ziliokoa maisha ya watu wengi, na waliozifanya wanastahili heshima. Lakini ziliacha dhana mbili ambazo hazijafutika. Moja ni kwamba unasihi ni kitu kinachofanyika kabla na baada ya kipimo. Ya pili, yenye madhara zaidi, ni kwamba kozi ya wiki chache inatosha kumfanya mtu kuwa mnasihi. Kozi hizo ziliwafundisha watu namna ya kutoa taarifa ngumu kwa upole. Hazikulenga kuwaandaa kukaa miezi na mtu aliyebakwa, au na baba anayejilaumu kwa kifo cha mwanawe.

Yanayofundishwa

Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya uzamili hudai krediti zisizopungua 180. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo jumla ni saa 1,800 za darasani, kujisomea, vitendo na utafiti. Katika saikolojia ya unasihi, saa hizo hugawanywa kati ya nadharia za haiba na makuzi, mbinu za unasihi wa mtu mmoja, familia na kikundi, upimaji, maadili ya kazi, takwimu na tasnifu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa uzamili wa saikolojia jamii tumizi. Muhimbili (MUHAS) hutoa uzamili wa saikolojia tiba, ulio karibu zaidi na hospitali. Chuo Kikuu cha Iringa kimejenga jina katika unasihi wenyewe. Kenya imekwenda mbele zaidi: Daystar, USIU na Kenyatta zina programu za uzamili za miaka mingi, na mahitaji yalionekana wazi baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo Dar es Salaam nayo ilishambuliwa. Tabora kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA), chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza, kinachojulikana hasa kwa kufundisha walimu. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 3.3 kwa sensa ya 2022, mwalimu ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba mtoto ana tatizo.

Kiini cha mafunzo ni vitendo chini ya msimamizi. Nchini Marekani, CACREP, chombo cha ithibati ya programu za unasihi, hudai saa 700: 100 za awali na 600 za kazini, na kati ya zote 280 ziwe ana kwa ana na wateja. Mwanafunzi hurekodi mazungumzo kwa ridhaa ya mteja, kisha huyasikiliza pamoja na msimamizi wake. Chukua mfano wa mama anayesema kwamba mumewe alihamia kwenye shamba la tumbaku na sasa harudi wala hatumi kitu. Mwanafunzi, kwa huruma ya kweli, anamjibu: "Vumilia, mama, ndoa ndivyo zilivyo." Msimamizi anasimamisha kinasa sauti hapo hapo. Anauliza: kabla ya kujibu, mama alinyamaza kwa muda gani? Ulisikia alivyosema "na watoto wameanza kuuliza"? Kwa nini ulimkatiza hapo? Mara nyingi inaonekana kwamba mwanafunzi alikimbilia neno la faraja kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kustahimili ukimya ule. Kosa la namna hiyo halisahihishwi na kitabu. Linahitaji mtu mzoefu aketi kando yako, wiki baada ya wiki, na ndiyo maana programu isiyo na wasimamizi wa kutosha haifai kuitwa uzamili wa unasihi hata kama vitabu vyake ni bora.

Ukoo kwenye karatasi

Zoezi jingine ni mchoro wa ukoo. Mwanafunzi huchora vizazi vitatu au zaidi vya familia yake: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, msalaba kwa aliyefariki, mstari uliokatwa kwa ndoa iliyovunjika. Kisha anatafuta yanayojirudia, kama vile ulevi, kuhama, au wasiosemeshana. Nia ni ajue jeraha lake kabla ya kugusa la mwingine.

Tabora, zoezi hili lina uzito wa peke yake. Mji huu, uliojulikana kwa wasafiri kama Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji, mwaka 1872. Vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilianza mwaka 1871, na Mtemi Isike wa Unyanyembe aliangushwa na Wajerumani mwaka 1893. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, kwa hiyo wapo watu walio hai ambao bibi wa mama yao alizaliwa mtumwa. Wajukuu wa waliomiliki na wa waliomilikiwa wameoana, wamesali safu moja, wamezikana. Mchoro unapofika kizazi cha nne, mara nyingi kunabaki duara lisilo na jina wala kabila: alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, basi. Ukimya huo umehifadhi amani ya mji kwa miaka mia moja. Mnasihi aliyefunzwa vizuri haufumui kwa pupa ili kukamilisha karatasi, na hajifanyi kwamba haupo.

Njia ile ile ya Bagamoyo na Ujiji ilibeba pia tiba zake. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilikuwa na kirangozi wa kuongoza na mganga wa kuwatia watu moyo kabla ya pori la hatari. Unyamwezini, Baswezi walikuwa na jumuiya iliyompokea anayesumbuliwa na mizimu, wakampa jina, ndugu na ngoma. Utani nao ulienea pamoja na biashara: Mnyamwezi aliyefika pwani alimkuta Mzaramo akiwa mtani wake. Msibani, mtani huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Humwiga marehemu alivyotembea na alivyogomba, na waliokuwa wakilia hucheka huku machozi yakiwatoka. Mtafiti R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Kozi za maombolezo zinazopita kimya kwenye jambo hili zinamnyima mwanafunzi mojawapo ya njia zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi nchini za kumrudisha mfiwa kwa watu. Si kila cha jadi ni dawa, hata hivyo. Ramli imewaua vikongwe wenye macho mekundu, wekundu wa moshi wa jikoni, na imewaweka hatarini watu wenye ualbino. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Mnasihi anayefanya kazi Nzega au Igunga lazima ajue kukaa na familia iliyomtuhumu bibi yake, na kukaa na bibi huyo.

Kambi na makazi

Magharibi ya Tanzania imepokea wakimbizi kwa zaidi ya nusu karne. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Mwaka 2014 takriban 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo wa Kivu Kusini, na kuanzia 2015 ikapokea wimbi jipya la Warundi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1980, alionyesha katika Purity and Exile (1995) jambo ambalo kila mwanafunzi wa unasihi anapaswa kulijua. Mishamo, watu walisimulia mateso yao kama historia moja ya taifa, kwa maneno yanayofanana kutoka mtu hadi mtu. Kigoma mjini, Warundi waliokimbia mauaji yale yale walificha asili yao na kujichanganya na wenyeji. Mbinu ya kumwomba mteja asimulie kisa chake mwanzo hadi mwisho ingeibua mambo mawili tofauti kabisa katika sehemu hizo mbili, na pengine madhara mawili tofauti. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, imeunganisha upasuaji, unasihi, msaada wa kisheria na riziki kwa wanawake waliobakwa vitani. Wengi wa wanawake hao wanazungumza Kiswahili. Ni shule iliyo karibu na Kigoma kuliko chuo chochote cha Ulaya.

Shuleni na kwenye sheria

Kwa mujibu wa utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010, asilimia 58 ya wanawake wa Tabora wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Shinyanga pekee ndiyo iliyozidi, kwa 59. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule. Wanaporudi, hukutana na mwalimu wa unasihi ambaye kwa kawaida ana vipindi vyake kamili vya kufundisha, na katika shule nyingine ndiye pia wa nidhamu. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko hadi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Mtoto hawezi kumfungulia moyo Jumanne mtu aliyeshika fimbo Jumatatu. Mafunzo ya uzamili huita hali hiyo mgongano wa nafasi na huikataza waziwazi. Utaratibu wa shule huilazimisha.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro wa ndoa upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kesi ya talaka. Wajumbe wake ni watu wa heshima, na wengi hawajapata mafunzo ya kusikiliza kisa chenye kipigo ndani yake. Kenya ilitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili na kuwawajibisha. Tanzania inahitaji ulinzi wa namna hiyo, kwa sababu anayeumizwa na mnasihi bandia hana kidonda cha kumwonyesha hakimu.

Kazi iliyo mbele ya vyuo

Mihadhara ya uzamili hutolewa kwa Kiingereza, na tasnifu pia. Kazi hufanyika kwa Kiswahili, Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha na Kirundi. Pengo hilo halizibwi kwa kutafsiri vitabu peke yake. Linazibwa na saa za vitendo na usimamizi katika lugha za wateja. Vyuo vya Dar es Salaam, Iringa na Mwanza vipeleke wanafunzi wao Urambo, Ulyankulu na Kasulu kwa muhula mzima, viwalipie nauli na malazi, viandae wasimamizi wanaoishi huko, na vihesabu saa hizo kuwa sehemu kamili ya shahada. Na Tabora, yenye shule kongwe ya serikali ya mwaka 1922, seminari kuu ya Kipalapala, hospitali ya Kitete na chuo kikuu kishiriki, ina kila kinachohitajika ili programu ya namna hiyo isimame hapo hapo.